Upenyaji wa damu

upenyaji wa damu *nm* [u-] Hali ya damu kupita katika kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, na kuifikia tishu ya kiungo. Hupimwa kwa mililita za damu zinazofikia gramu 100 za tishu kwa dakika moja. *Picha ya upenyaji wa damu*: picha ya MRI au ya siti-skani inayoonyesha kiasi hicho, sehemu kwa sehemu.

Matumizi. Mfasiri huvutwa kirahisi na *mzunguko wa damu*, lakini mzunguko ni safari nzima ya damu kutoka moyoni hadi irejeapo. Mfereji waweza kujaa maji ilhali tuta la mboga limekauka. Upenyaji ni yale maji yanayoifikia mizizi. *Upenyezaji* nao haufai: *penyeza* ni kitenzi cha kutendesha, na huelekea kwenye maana ya kuingiza kitu kwa siri.

Katika uvimbe wa ubongo wa watoto. Uvimbe mkali mara nyingi huota mishipa mingi, hivyo upenyaji wake huwa juu. Uvimbe mpole kwa kawaida huwa na upenyaji mdogo. Mfasiri asichanganye *upenyaji* na *mng'ao*. Astrositoma pilositiki, uvimbe mpole unaowapata zaidi watoto, mara nyingi hung'aa sana mgonjwa anapodungwa dawa ya kung'arisha picha, ingawa upenyaji wake aghalabu ni mdogo. Mng'ao huonyesha dawa iliyovuja nje ya mishipa. Upenyaji huhusu damu inayopita ndani yake. Ipo pia njia ya MRI isiyohitaji sindano: maji yaliyomo katika damu yenyewe hutiwa alama kwa nguvu ya sumaku. Njia hiyo huwafaa watoto hasa.

Kitenzi kinachofaa. Picha *huashiria*; *haithibitishi*. Aina ya uvimbe huthibitishwa kwa kuchunguza kipande chake katika maabara.

*Sahihi:* Picha inaashiria kwamba uvimbe ni mpole.
*Si sahihi:* Picha imethibitisha kwamba uvimbe hauna madhara.

Sentensi ya pili ina kosa jingine. *Mpole* si *usio na madhara*. Fuvu halitanuki vya kutosha kuupa uvimbe nafasi. Hata ule usio saratani waweza kuubana ubongo au kuziba njia ya maji yake, na mtoto akafa.

Tanbihi. Neno *uvimbe* peke yake hutaja pia nundu ya mtoto aliyejigonga. Mzazi wa Simbo, mkoani Kigoma, ambaye nyumbani husema Kiha, akipewa rufaa kutoka Hospitali ya Maweni hadi Bugando au Muhimbili, huenda akaelezwa hali ya mwanawe kwa Kiswahili tu. Akiambiwa "ana uvimbe kichwani, lakini si mbaya", ana haki ya kudhani kwamba utanywea wenyewe, na kuahirisha safari. Afadhali kusema: "Kuna uvimbe ulioota ndani ya ubongo. Picha inaashiria kwamba damu inayoupenya ni kidogo, na hilo linatupa matumaini. Hata hivyo lazima atibiwe, na uvimbe uchunguzwe." Maneno yameongezeka, lakini mzazi amejua la kufanya.

*Taz. pia:* uvimbe, saratani, mzunguko, penya.