Mwaka 1897: Elgar, Sontonga na daftari la mwalimu

Mwaka 1897 Mwingereza Edward Elgar alitunga Imperial March, muziki wa jubilei ya miaka 60 ya Malkia Victoria. Mwaka huohuo Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo ambao sauti yake unaijua tangu darasa la kwanza: ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika.

Elgar hakusoma chuo cha muziki. Ila baba yake alikuwa na duka la muziki mjini Worcester, kwa hiyo vinanda na vitabu vilikuwa nyumbani. Sontonga je? Alisomea ualimu Lovedale, na nyimbo zake aliziandika daftarini kwa solfa, mfumo ulioanzishwa Uingereza na Sarah Glover, kisha ukaenezwa na John Curwen. Hauna mistari mitano, ni herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Ile "d" unaipandisha au kuishusha kufuata sauti za waimbaji. Kinanda cha nini? Ndiyo maana hata kwaya ya Misigiri inaweza kugawana soprano, alto, tena na besi kwa chaki na ubao.

Mwaka 1904 Elgar akaitwa Sir. Mwaka 1905 Sontonga akafariki, akiwa na miaka kama 32. Kaburi lake lilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996, miaka 91 baadaye.

Sasa, daftari la mwalimu wa kwaya wa kwenu analitunza nani?