Mchango haukuwa ngao: wageni katika Uingereza ya zama za kati



Kila pakizuka mjadala wa wahamiaji hapa Uingereza, sie huwa wepesi kujitetea kwa hesabu: tunalipa kodi, tunauguza wagonjwa wao, tunaendesha mabasi yao. Ni kweli tupu. Lakini nikiitazama historia ya nchi hii toka 1066 hadi kiasi cha 1500, naona hoja hiyo peke yake haikumwokoa mtu. Nitachukua makundi mawili tu: Wayahudi, na watu wa Flanders, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo Ubelgiji.

Wayahudi walikuja baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza 1066, wa mwanzo wakitokea Rouen. Kanisa lilimkataza Mkristo kula riba, na vyama vya mafundi vilikuwa vya Wakristo. Basi mlango mkubwa waliobakishiwa ni kukopesha fedha. Mabwana wa ardhi walikopa kwao, na nyumba za watawa vilevile. Kisheria walihesabiwa mali ya mfalme, akiwalinda na akiwakamua. Aaron wa Lincoln alipofariki 1186, Mfalme Henry wa Pili alitwaa mali yake, na madeni aliyoacha yalikuwa mengi hata hazina ikaunda ofisi maalumu ya kuyadai.

Hebu utazameni mtego huo. Mdaiwa alijua kuwa sehemu ya riba yake inaishia kwa mfalme, lakini mfalme hafikiki, jirani anafikika. York, Machi 1190, Wayahudi wapatao 150 walikufa katika ngome walimokimbilia, wengi wakijiua wenyewe kuliko kuangukia mikononi mwa umati. Kisha wale wauaji wakaenda kanisa kuu la mji, zilikowekwa hati za madeni, wakazitia moto. Ati ilikuwa vita ya dini! Serikali nayo ikapata funzo lake: kuanzia 1194 nakala za hati zikaanza kuwekwa katika makasha rasmi. Yaani mkopo ulipata ulinzi bora kuliko mkopeshaji.

Mwaka 1275 Edward wa Kwanza akaharamisha riba. Kodi zilikwisha wakausha Wayahudi, na yeye alikuwa keshapata wakopeshaji wengine, kampuni ya Riccardi kutoka Lucca, Italia. 1290 akawafukuza Wayahudi wote, na bunge likamzawadia kodi kubwa. Hawakuachiwa kurudi mpaka 1656. Na hao Riccardi? 1294 mfalme aliwageukia nao akazishika mali zao. Fadhila za punda ni mateke.

Sasa njooni kwa watu wa Flanders. Uingereza ilikuwa ikiuza sufu ghafi, mwanzoni mwa karne ya 14 zaidi ya magunia 30,000 kwa mwaka, kisha ikinunua nguo zilizofumwa ng'ambo. Sisi tuliotoka nchi za pamba tunaijua biashara hiyo. 1331 Edward wa Tatu alimpa mfumaji John Kempe wa Flanders hati ya ulinzi, aje na watu wake na kufundisha kazi. 1337 mwaliko ukafunguliwa kwa mafundi wote wa nguo kutoka nje. Kufikia katikati ya karne ya 15 sufu ghafi iliyouzwa nje ilikuwa imeshuka chini ya magunia 10,000, na nguo zimeshika nafasi yake. Si kazi ya wageni peke yao, maana ushuru mzito juu ya sufu ulifanya kufuma nyumbani kulipe zaidi. Lakini ujuzi wao ulikuwa na sehemu yake.

Je, hati iliwalinda? Katika maasi ya 1381, watu wa Flanders kiasi cha 35 walitolewa ndani ya kanisa moja la London wakakatwa vichwa. Wafumaji wenyeji walikuwa na ugomvi nao wa miaka mingi. 1436 wapika bia wa Kiholanzi, ambao bia yao ya hopsi ilishindana na pombe ya kienyeji, ilibidi mfalme aagize walindwe.

Lakini hawa hawakufutika. Mwaka 1440 ilipowekwa kodi ya wageni, peni 16 kwa mwenye nyumba na peni 6 kwa asiye na nyumba, makarani waliwakuta kila mahali, hata vijijini: watumishi, washona viatu, washona nguo, vibarua. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha York na wenzao wamekusanya majina zaidi ya 64,000 ya wageni wa 1330 hadi 1550. Walioa na kuolewa, walisali na jirani zao, na wenye uwezo walinunua hati za uraia.

Mtaniambia: hao walikuwa Wakristo wenzao. Naam, ndipo ninapotaka tufike. Hakuna waliochangia hazina kwa kiwango cha Wayahudi ukilinganisha na uchache wao, lakini sheria iliwafungia katika kazi moja na bwana mmoja. Siku bwana alipopata mwingine, hawakuwa na wa kuwatetea. Wa Flanders walipigwa pia, ila walikuwa na milango mingi ya kuingilia katika jamii.

Jambo hili haliko mbali nasi. Simon de Montfort aliwafukuza Wayahudi wa Leicester 1231. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, baraza la mji huohuo lilitangaza katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja, na leo Leicester haielezeki bila wao. Nao walikotoka waliitwa watu wa duka tu, na mchango wao katika uchumi wa Uganda haukuwapa hata siku moja zaidi ya zile 90.

Kwa hiyo tusichoke kutaja mchango wetu, lakini tusiufanye ndiyo hoja nzima. Swali la kuuliza ni hili: sheria inaturuhusu kuwa nani zaidi ya wafanyakazi? Nawakaribisha mnikosoe, hasa mliopo Ghuba, ambako kibali cha kuishi kimefungwa na kazi.