MDOLI WA LEBA: Kwa nini manesi "wanacheza" kazini? (Historia ya leba, sehemu ya 3)

Nesi wenu wa Soweto nimerudi. Kama kawaida yetu, tunachukua kitu kimoja cha leba na kukifuatilia kilikotoka.

Juzi nilikuwa sokoni hapa Soweto nachagua viazi. Dada muuzaji, mtoto mgongoni, akaniambia: "Nesi, samahani, lakini kuna siku manesi mlinikera. Nimekaa kwenye benchi na tumbo la miezi minane, nachungulia mlangoni, naona manesi watatu wamezunguka mdoli. Mmoja anausukumia hewa, wengine wanahesabu. Sisi foleni, ninyi mnacheza?"

Sikukasirika. Swali lake ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo. Kaa vizuri.

Tuanze mbali, Ufaransa. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa mkunga mmoja, Madame du Coudray, kibali cha kuzunguka nchi nzima akifundisha ukunga. Wanawake wa vijijini walikuwa wakifa wakijifungua, na watoto pia. Wanafunzi wake wengi walikuwa hawajui kusoma. Sasa utamfundishaje mtu asiyesoma namna ya kumtoa mtoto aliyetanguliza miguu? Mama huyu akashona mwili wa mama mzazi kwa kitambaa na ngozi, akautia nyonga na mtoto ndani yake. Mkunga aliingiza mkono, akapapasa, akakosea, akarudia. Alizunguka hivyo kwa zaidi ya miaka 20 na kufundisha maelfu. Mmoja wa midoli hiyo upo hadi leo kwenye jumba la makumbusho mjini Rouen.

Wazo lake lilikuwa rahisi: kosea kwenye kitambaa, usije ukakosea kwa mtu.

Twende Norway, mji wa Stavanger. Åsmund Lærdal alikuwa anatengeneza vinyago vya watoto, na mdoli wake wa plastiki laini aliuita Anne. Miaka ya 1950 mwanawe mdogo alizama majini, na yeye baba mtu ndiye aliyemtoa na kumwokoa. Baadaye madaktari walipotafuta mtu wa kuwatengenezea mdoli wa kufundishia kupuliza hewa mdomo kwa mdomo, walimkuta mzazi anayeelewa kabisa wanachosema. Mdoli huo ulitoka mwaka 1960. Yaani kifaa kinachofundisha dunia nzima kuokoa maisha kilitoka kwenye kiwanda cha midoli ya watoto.

Sasa turudi nyumbani.

Karibu mtoto 1 kati ya 10 anapozaliwa huhitaji kusaidiwa kuanza kupumua. Wengi hutosheka na kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache wanahitaji ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa wenye barakoa ndogo. Dakika ya kwanza tunaiita dakika ya dhahabu: ikiisha, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe ameanza kupewa hewa. Sekunde 60. Huna nafasi ya kufungua kitabu.

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kujaribu mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto kupumua, katika hospitali 8. Mdoli wake unaitwa NeoNatalie. Unaujaza maji, unakuwa na uzito kama wa kichanga, kichwa kinalegea vilevile. Mkufunzi akibonyeza vipira, mdoli unalia, unapumua, au kitovu kinadunda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 katika hospitali hizo.

Hapo ungesema kazi imekwisha. Haikuisha, na hili linanihusu mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni kazini, kituo sitakitaja, nilishahudhuria mafunzo ya siku moja na cheti ninacho. Usiku mmoja mtoto akatoka kimya, mlegevu, rangi ya bluu. Nikamkausha. Nikashika ambu. Na mikono ikasahau! Barakoa haikai, hewa inatoka pembeni, kifua hakipandi. Mkunga mzee akanisogeza kwa bega: "Pisha mwanangu." Akanyanyua kidevu kidogo tu, akabana barakoa, kifua kikapanda. Mtoto akalia. Mimi nikaenda kulia stoo.

Kwa miaka mingi nilidhani tatizo ni mimi. Kumbe lilikuwa limeshachunguzwa hapahapa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Aprili 2010 watumishi wa pale walipata mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye wakapimwa tena kwenye mdoli, na walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini watafiti, akiwemo Daktari Hege Ersdal na Estomih Mduma wa Haydom, walikuwa wanafuatilia pia watoto halisi leba. Huko namna ya kuwahudumia haikuwa imebadilika. Mkono ulijua darasani, leba ukasahau. Kama mimi.

Haydom hawakutupa mdoli. Waliuhamishia leba. Badala ya siku nzima mara moja, wakafanya dakika 3 hadi 5 kila wiki, katikati ya zamu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Hapo ndo jibu la dada wa viazi lilipo. Ule "mchezo" alioona mlangoni ni zile dakika tano.

Kutoka Haydom kazi ikakua. Vikaja vifaa vipya, kikiwemo kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kilichopewa jina la Kiswahili: Moyo. Ukaja mdoli unaounganishwa na kompyuta kibao, unaokwambia barakoa inavuja au unasukuma haraka mno. Vyote vikawekwa pamoja na mazoezi ya mara kwa mara katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa karibu asilimia 75. Si kila mkoa ulipata mafanikio sawa. Lakini ni akina mama waliorudi nyumbani, jamani.

Na sasa kuna hatua nyingine. Busia nchini Kenya, na Lagos nchini Nigeria, wauguzi walifanya mazoezi kwa miwani yenye simu ndani yake. Ukiivaa unajiona uko leba, mtoto yuko mbele yako, unachagua la kufanya na muda unakwenda. Ninaipenda, kwa sababu nesi wa zahanati ya mbali anaweza kurudia mwenyewe usiku bila kusubiri mkufunzi. Ila miwani hainipi kidevu cha kunyanyua wala barakoa ya kubana. Inazoesha kichwa kukumbuka hatua. Mikono bado inahitaji mdoli, na inauhitaji kila wiki.

Basi mama, ukiwa kwenye benchi ukaona manesi wamezunguka mdoli, tuvumilie hizo dakika tano. Pengine anayefanya zoezi ndiye atakayempokea wako. Na kama hujawahi kuona mdoli kituoni kwako, siku ya kliniki uliza kwa upole: "Nesi, hapa huwa mnafanya mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyelia?" Hilo si swali la utovu wa adabu. Baba, hata wewe uliza.

Nilipomaliza kumweleza yule dada, akamgeukia mwanawe mgongoni, akanyamaza kidogo. Akasema, "Huyu hakulia haraka. Walimshikashika, sikujua wanafanya nini."

Sasa anajua.

Wiki ijayo: historia ya kadi ya kliniki. Usiku mwema, mfunike mtoto vizuri, Mbeya baridi.