Nani Awe Tayari? Mtoto, Shule na Muhula wa Kwanza wa Darasa la Kwanza

Katika mijadala ya elimu ya awali nchini Tanzania kuna dai moja linalopita bila kupingwa: mtoto anayekwama darasa la kwanza amekwama kwa sababu hakuandaliwa. Dai hilo limo kwenye usaili wa shule binafsi, ambako mtoto wa miaka 6 huketishwa mbele ya mwalimu asiyemjua, akapewa penseli na kuambiwa aandike jina lake. Limo pia kwenye shule za umma, pale mtoto aliyeletwa Januari bila kupita darasa la awali anapohesabiwa kuwa mzito kabla hata jina lake halijazoeleka. Makala hii inalikataa dai hilo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kutokuwa tayari ni ugeni wa vifaa na taratibu za shule, na mwenye wajibu wa kuuondoa ugeni huo ni shule yenyewe, katika muhula wake wa kwanza na mtoto.

Kuhusu faida ya elimu ya awali iliyo bora sina ugomvi na mtu. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wa shule za awali za mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kuenea hadi Zanzibar na Uganda, walipiga hatua kubwa zaidi katika vipimo vya utambuzi kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya angalau mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na ilifanya vema. Ugomvi unaanza pale faida inapogeuzwa sharti. Kusema kwamba awali humsaidia mtoto ni jambo moja; kusema kwamba asiyepita awali hafai ni jambo jingine, na matokeo ya Madrasa hayatupeleki huko. Tukumbuke pia kwamba umri wa kuanza shule umewahi kupangwa kwa hoja za nje kabisa ya darasa. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka umri huo usogezwe mbele, na alichokuwa akikitazama ni umri wa kumaliza: mtoto atoke shule akiwa mkubwa wa kutosha kushika kazi.

Ushahidi ninaouegemea zaidi ni wa zamani, na haukukusudiwa darasa la kwanza hata kidogo. Mwaka 1979 Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha jaribio alilolifanya kwa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Kazi ilikuwa ile ile: tazama umbo, kisha ulitoe upya. Kilichobadilika ni kifaa. Mara kalamu na karatasi, mara waya, mara udongo, mara kuiga mikao ya mikono. Kwenye karatasi watoto wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwenye waya, wa Lusaka. Kwenye udongo, ambao watoto wa pande zote mbili walikuwa na mazoea nao, hapakuwa na tofauti ya kutajika.

Matokeo haya yanastahili kusomwa taratibu. Kama uwezo wa kutambua umbo ungekuwa kitu kimoja ambacho mtoto ama anacho ama hana, aliyeongoza kwenye karatasi angeongoza kila mahali. Haikuwa hivyo. Mtu aliyewapima watoto wa Lusaka kwa kalamu peke yake angeandika ripoti kwamba wako nyuma, na angeonekana ana takwimu mkononi. Angewapima wa Manchester kwa waya peke yake, angeandika ripoti hiyo hiyo juu yao.

Turudi sasa kwenye madarasa yetu. Yupo mtoto aliyejitengenezea gari la waya: usukani mrefu unaofika kifuani, magurudumu ya ndala kuukuu yaliyokatwa kwa wembe mpaka yakalingana, ekseli iliyonyooshwa kwa jiwe ili gari lisivute upande. Gurudumu lisipotobolewa katikati barabara, gari huyumba. Kwa hiyo kitovu cha duara amekipata kwa jicho, akakosea, akakata ndala nyingine. Januari mtoto huyu anapewa penseli kwa mara ya kwanza ajifunze kuumba herufi. Anaishika kwa vidole vyote, anakandamiza, ncha inakatika na karatasi inatoboka. Herufi "a" inatoka bapa upande mmoja. Kwenye kumbukumbu za mwalimu anaandikwa kuwa hawezi kuchora duara. Duara analijua vizuri sana. Mgeni kwake ni penseli.

Atasema msomaji makini kwamba watoto wa Serpell walikuwa na miaka 8 hivi, si 6. Nadhani jambo hilo linaipa hoja nguvu zaidi: ikiwa mazoea ya kifaa yanaamua matokeo katika umri huo, itakuwaje kwa aliyeingia shule juzi? Atasema pia kwamba magari ya waya ni mchezo wa wavulana. Ni kweli, lakini mikono ya wasichana nayo haikukaa bure. Imesuka ukili, imesuka nywele, imechambua mchele, na mtoto anayetumwa dukani hurudi na chenji kamili. Pamoja na mikono kuna ulimi. Mtoto wa Simiyu aliyekulia katika Kisukuma hukaa kimya darasani mwezi mzima, kisha ukimkuta bombani anaongea bila kupumua. Ule ukimya wa darasani ndio tunaoupima.

Pingamizi zito ni la idadi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa ya kwanza yamefurika, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 hawezi kumfuatilia kila mmoja. Silipuuzi hili. Lakini visoda, vijiti, mchanga na udongo havina bei kubwa, na swali la nani apangiwe darasa la kwanza liko mikononi mwa mwalimu mkuu. Walimu hodari huelekezwa darasa la saba kwa sababu huko ndiko shule inakohesabiwa. Chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia 2013, shule zilipangwa hadharani kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walikuta kwamba shule zilizoshika mkia zilipandisha ufaulu, lakini kwa sehemu ziliwapunguza watahiniwa. Shule iliyobanwa kiasi hicho haina sababu ya kumpa mgeni wa darasa la kwanza mwalimu wake bora.

Napendekeza muhula wa kwanza usiwe na jaribio lolote la kuandika. Herufi ziumbwe kwanza kwa udongo, mchangani na kwa waya, ndipo zihamie daftarini. Mzazi au dada aruhusiwe kukaa darasani siku za mwanzo, na mtoto akalishwe na jirani yake wa mtaani, wanayeelewana lugha. Sara Rimm-Kaufman na Robert Pianta walikwisha kutoa hoja, mwaka 2000, kwamba mpito wa kwenda shule ni suala la mahusiano kati ya nyumbani, shule na wenzake mtoto. Hoja hiyo haina ubishi mkubwa. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Kuhusu usaili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inazuia kumpima mtoto ili akubaliwe katika shule ya umma, isipokuwa kwa lengo la kumpangia ngazi inayomfaa. Tanzania iende mbali zaidi, izibane na shule binafsi, maana huko ndiko usaili ulikoota mizizi. Kipimo cha kwanza kifanyike baada ya muhula huo wa kwanza kuisha, mtoto akiwa amekaa na penseli kwa miezi kadhaa, na shule itakiwe kueleza kwanza ilimfundisha nini.