Sargoni, mfalme wa Ashuru aliyetajwa mara moja tu katika Biblia

Ukifungua Isaya 20:1 utakuta jina la Sargoni, mfalme wa Ashuru. Hutalikuta tena mahali pengine katika Biblia nzima. Kwa sababu hiyo wafafanuzi wa zamani walisumbuka sana: wengine walisema ni jina lingine la Shalmaneza, wengine wakasema ni Senakeribu. Leo tunamjua vizuri kuliko wafalme wengi wa nyakati zile. Tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, maana watumishi wengi huzigusia katika mahubiri bila kuzifikisha mwisho.

Sargoni alitawala tangu mwaka 722 hadi 705 mbele ya Kristo. Kwa lugha yao aliitwa Sharru-kin, maana yake mfalme halali. Mtu anayejitangaza hivyo huwa na sababu: wataalamu wengi wanaona kwamba alitwaa kiti cha Shalmaneza kwa nguvu, na mwanzo wa utawala wake ulijaa maasi. Mwaka 717 alianza kujenga mji mkuu mpya, Dur-Sharrukin, yaani Ngome ya Sargoni. Ukuta wake ulizunguka kwa karibu kilomita 7, na penye malango walisimama mafahali wa mawe wenye mabawa na uso wa mwanadamu. Mmoja wa mafahali hao, ambaye leo yuko katika makumbusho ya Chicago, ana uzito wa tani 40 hivi.

Mji huo ulipotea chini ya udongo. Mwaka 1843 Paul-Émile Botta, konsuli wa Ufaransa kule Mosul, katika Iraki ya leo, alikuwa amechimba kilima cha Kuyunjik bila kupata kitu cha maana. Cha ajabu ni kwamba Ninawi yenyewe ililala chini ya kilima hicho. Watu wa kijiji cha Khorsabad ndio waliompa habari kwamba kwao mawe yenye michoro yanatoka ardhini. Botta akahamia huko, akakuta jumba la kifalme, akatangaza kwamba amepata Ninawi. Wakati huo hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya Waashuru. Yalipoanza kusomeka miaka iliyofuata, jina lililotoka katika kuta lilikuwa la Sargoni.

Hapa wahubiri wengi husimama: mawe yamethibitisha Biblia, amina! Ni kweli, na tunafurahi. Lakini tuendelee kidogo, kwa sababu mawe ya wafalme si mashahidi wanyofu siku zote. Sargoni aliandika kwamba yeye ndiye aliyeuteka Samaria. 2 Wafalme 17 inamtaja Shalmaneza, na kumbukumbu za Wababeli, watu wasiokuwa na sababu yoyote ya kuitetea Biblia, nazo zinasema ni Shalmaneza aliyeuvunja mji huo. Inaonekana Shalmaneza aliuzingira na kuutwaa, Sargoni akaja kuzima maasi mwaka 720 na kuwahamisha watu, kisha akajiandikia sifa yote. Ndivyo ilivyo na Ashdodi pia. Sargoni anajisifu kwamba alikwenda mwenyewe, huku Isaya akisema alimtuma jemadari wake, na wataalamu wengi wanakubaliana na Isaya. Vipande vya jiwe la ushindi la Sargoni vilichimbuliwa Ashdodi mwaka 1963.

Kuhusu watu wa Samaria, maandishi ya jumba lake yanatoa hesabu: 27,290 waliochukuliwa. Ni hesabu tu, kama ya ng'ombe. Biblia inataja walikopelekwa: Hala, Habori kwenye mto wa Gozani, na miji ya Wamedi. Inataja pia waliokuja kukaa mahali pao, kutoka Babeli, Kutha, Ava, Hamathi na Sefarvaimu. Kuchanganya watu namna hiyo hakukuanza na Sargoni. Ilikuwa siasa ya Ashuru: mtu aliye mbali na makaburi ya baba zake na mashamba yake haasi kwa urahisi. Katika makanisa yetu wako wengi waliowahi kufunga mzigo usiku, hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

Lakini mabamba ya udongo yametuhifadhia mengine zaidi ya hesabu. Barua zaidi ya 1,000 za maofisa wa Sargoni zimepatikana, na ndani yake kuna chakula cha waliohamishwa, nafaka na mifugo. Barua moja ya karne ile inaeleza kwamba mfalme aliagiza wanaume waliohamishwa wapewe wake, lakini baba za wasichana walikataa mpaka mahari ilipwe. Na katika Nimrud ilionekana orodha ya maofisa wa magari ya vita yenye kundi zima la watu wa Samaria, kila mmoja kwa jina lake. Walishindwa vitani, kisha wakaingizwa katika jeshi lile lile lililowashinda.

Mji mpya ulizinduliwa mwaka 706. Mwaka uliofuata Sargoni aliuawa vitani kule Tabal, katika Uturuki ya leo, na maiti yake haikupatikana ili izikwe. Kwa Waashuru hiyo ilikuwa laana kubwa. Mwanawe Senakeribu, yule aliyemtisha Hezekia, aliuacha mji wa baba yake akahamia Ninawi. Baadhi ya wafafanuzi wanafikiri maneno ya Isaya 14, juu ya mfalme aliyetupwa nje bila kaburi, yaliguswa na kifo hicho. Andiko linasema mfalme wa Babeli, na Sargoni alikuwa na cheo hicho pia. Sisi tunaliona ni wazo zuri, lisilotosha kuhubiriwa kama jambo la hakika.

Mali nyingi za jumba lake hazikufika popote. Mwaka 1855 mashua zilizobeba zaidi ya makasha 200 zilishambuliwa na kuzama karibu na Qurna, kusini mwa Iraki, na sehemu kubwa iko chini ya maji mpaka leo. Mwaka 2023 wachimbaji walimfunua tena fahali mmoja wa Khorsabad, mwili mzima lakini bila kichwa. Kichwa chake wezi walikikata miaka ya 1990, kikakamatwa, nacho kiko Baghdad.