Gari la kijani la ami yangu

Wadau, samahanini kwa ukimya wa wiki mbili tatu. Nilikuwa nyumbani Pemba, na nimerudi na deni. Ami yangu aliniuliza swali mbele ya watu nikashindwa kulijibu, na mwandishi akishindwa kujibu mbele ya ukoo wake ni aibu ya mwaka. Nimekwenda kusoma. Jibu ndilo hili.

Kwa asiyepajua, Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kusini-magharibi ya Pemba, katika wilaya ya Mkoani. Huendi kwa gari, unavuka kwa chombo. Sasa mtauliza, mtu wa Kisiwa Panza gari la nini? Ami anafanya biashara ya samaki, na msimu wa karafuu ukiwa mzuri hapati haba. Ana kijana wake mkubwa hana kazi. Akakusudia anunue pikapu ikae upande wa Mkoani, kijana abebe mizigo ya watu baina ya bandarini na Chake Chake. Na akataka mpya, si iliyokwishatumika Japani. "Nishachoka kununua maradhi ya wenzangu," alisema.

Basi akasafiri hadi Dar es Salaam kwa wakala wa magari mapya, akalipa malipo ya kwanza, akapewa fomu. Penye rangi akaandika kwa mkono wake: kijani. Miezi mitatu baadaye simu ikalia. Kijani hakuna. Iliyopo ni nyeupe na ya rangi ya fedha. Akitaka kijani asubiri agizo jingine, na bei huenda ikapanda. Ana wiki mbili za kuamua.

Nimefika nyumbani nikakuta kikao kimekaa. Mke wa ami anasema chukua nyeupe yaishe. Kijana mwenyewe kimya, anachora chini kwa kidole, maana kila mwezi bila gari kwake ni mwezi mwingine wa kukopa. Ami akanigeukia: "Wewe umesoma. Hebu nambie, tangu lini mwenye pesa akapangiwa rangi na mwenye duka?"

Nilitafuna maneno tu. Leo nalijibu.

Ukitaka jibu fupi, ami, kwa upande wa magari ni tangu 1914. Kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, na miaka ya mwanzo ulikuwa unaweza kulipata la kijani, jekundu, buluu au kijivu. Mwaka 1913 Ford wakaanza kuunda magari kwenye mstari unaotembea, kila fundi na kazi yake moja. Kuanzia 1914 hadi 1925 likatoka jeusi tu. Rangi nyeusi iliyookwa ilikuwa rahisi na inadumu, na rangi moja ilirahisisha kazi ya kiwanda kizima. Henry Ford mwenyewe, katika kitabu chake cha 1922, alijisifu kwamba mteja alikuwa huru kuchagua rangi yoyote maadamu ni nyeusi. Watu wakakubali. Kwa nini? Kwa sababu bei ilishuka kutoka dola 850 hadi chini ya dola 300. Waliuza uchaguzi wao wakalipwa kwa unafuu.

Kilichovunja mtindo huo ni mshindani. General Motors walikuja na rangi mpya ya Duco iliyokauka haraka, na magari yao ya Oakland ya mwaka wa 1924 yakatoka na buluu. Ford naye akarudisha rangi kwa magari ya 1926, na mwaka 1927 Model T ikasimama.

Lakini wadau, hilo ni jibu la Marekani. Nilipoendelea kusoma nikakuta huku kwetu mambo yalikuwa kinyume kabisa, tena kabla gari halijazaliwa.

Katikati ya karne ya 19, misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara ilibeba vitambaa, waya na shanga. Shanga nyingi zilitoka Venice, Italia. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo 1857 hadi 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilikuwa zinakaribia 400, na kila moja na jina lake. Nyekundu ya sami-sami ndiyo iliyokuwa malkia. Anasema ziliitwa pia kwa jina la kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake azipate.

Miaka michache baadaye akaja mwandishi wa habari mwenzangu, Henry Stanley wa gazeti la New York Herald. Mwaka 1871, kabla hajaondoka kumtafuta Livingstone, alikaa Zanzibar akiwauliza wafanyabiashara Waarabu: nibebe shanga gani? Maana sami-sami zilipokelewa Unyamwezi ambako nyingine zingekataliwa. Nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, lakini kwingine si kitu. Nyeupe, walizoziita merikani, zilikubalika Ufipa, ila Useguha zingedharauliwa. Ukikosea rangi, umebebesha watu mizigo ya takataka kwa mamia ya maili, na huko mbele hununui hata unga.

Kwa hiyo mtu wa Ugogo, ambaye hajapata kuiona bahari, alikuwa anamwamulia fundi wa Venice achanganye rangi gani. Oda ilitoka kijijini, ikashuka na msafara hadi Zanzibar, ikavuka bahari.

Tuje kwetu sasa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na kuanzia hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria. Watu waliokuwa wakivaa merikani na kaniki, nguo za unyonge, sasa wakataka kuvaa rangi. Kanga ilikuwa imekwishaingia sokoni, ikazidi kupamba moto. Kanga za wakati huo hazikuchapwa hapa. Zilichapwa Uingereza na Uholanzi, baadaye na India na Japani. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa ndio waliopeleka oda, kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza 1887 na kanga zake zikajulikana kwa alama ya Abdulla.

Na oda ile haikutoka kichwani mwa mwenye duka. Aliwasikiliza wanawake. Angalieni kisutu, kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nani atampelekea bibi harusi kisutu cha buluu? Mzungu wa kiwandani alipenda asipende, alichapa alivyoambiwa. Doti isiyopendwa ililala rafuni, na hasara ikawa ya aliyeiagiza.

Hapo ndipo nilipoliona jibu, ami. Mteja wa Ugogo na bibi zetu hawakuwa matajiri kuliko wewe. Kila mmoja alikuwa na kidogo sana. Walichokuwa nacho ni kwamba hawakulipa kabla ya kuona. Mfanyabiashara ndiye aliyetangulia kutoa pesa zake Venice au Manchester, kwa hiyo yeye ndiye aliyekosa usingizi kwa ajili ya rangi. Ikikosewa, yeye ndiye wa kulia. Wewe umetanguliza malipo, na aliyetanguliza malipo ametanguliza na sauti yake. Rangi ikikosewa sasa, anayekosa usingizi ni wewe na mwanao.

Jambo la pili ni wingi. Walikuwa wengi na walikataa kitu kimoja kwa pamoja. Wewe uko peke yako na pikapu moja ya kijani, wakati dunia nzima imekwenda kwenye nyeupe. Ripoti za makampuni ya rangi za miaka hii zinaiweka nyeupe mbele ya rangi zote za magari duniani. Kiwanda kinafuata wengi leo kama kilivyofuata wakati wa sami-sami. Tofauti ni kwamba zamani wengi hao tulikuwa sisi.

Nilimpigia simu nikamsomea haya yote. Akanyamaza, nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo kosa langu si kutaka kijani. Kosa langu ni kulipa mapema."

"Ndivyo ninavyoona, ami."

"Basi nyeupe naichukua, kijana asizidi kukaa. Lakini salio silitoi mpaka gari imeshuka Mkoani nimeiona kwa macho yangu. Na uwaambie wafute ile sehemu ya rangi kwenye fomu yao. Usimuulize mtu anataka nini kama huna nia ya kumpa."

Aliwapigia mwenyewe siku ile ile. Walikataa asubuhi, jioni wakakubali. Si ushindi mkubwa, lakini sasa kuna mtu mwingine Dar es Salaam naye anaifikiria safari ya gari hilo, maana pesa yake bado iko Kisiwa Panza.

Mke wa ami ameshasema siku litakapofika atafunga kanga ya kijani mbele, kwenye boneti. Rangi hiyo anaichagua mwenyewe dukani, na halipi mpaka ameikunjua.

Na wewe mdau, umewahi kuagiza kitu ukaletewa rangi nyingine? Ulikuwa umeshalipa?