Jicho la Amani Halikumwona Bibi

Ukitoka Muheza kwenda Amani gari huzunguka kona mpaka tumbo likuchafuke, na ukishuka baridi inakupokea na kishati chako cha mjini. Hapo ndipo Wajerumani walipojenga, mwaka 1902, taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo. Wakaotesha miti ya kila bara na kuipa majina ya Kilatini. Mwingereza alipoichukua nchi akaendeleza kazi hiyo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wa kilimo walipohamia Muguga, Kenya. Maabara zikabaki kwa watu wa malaria. Majengo nawaachia wengine. Mimi hamu yangu ni macho.

Maana Amani ilikuwa shule ya macho. Kijana wa Kisambaa au Kibondei aliyeingia kama kibarua alifundishwa kumjua mbu wa malaria kwa namna anavyotua, kichwa chini, mkia juu. Alifundishwa kutenga jike na dume, kuhesabu, kuandika daftarini. Mradi wa Pare-Taveta ulipoanza mwaka 1954, wa kupulizia nyumba dawa ya kuua mbu, ni kazi ya namna hiyo iliyoonyesha kama mbu wamepungua au la. Si mchezo! Na wengi wao shule hawakuwa wameisoma sana. Walionyeshwa, wakarudia, wakajua.

Basi jiulize: katika miaka yote hiyo, nani alifundishwa kumtazama mzee anayeanza kupotelewa na kumbukumbu?

Utasema magonjwa ya akili hayakuwa na mwenyewe huku milimani. La, yalikuwa naye. Katika Usambara hii hii, upande wa Korogwe, iko Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina hiyo katika koloni lile. Waliohudumu pale walikuwa mashemasi waliotoka Bethel, mji wa Bielefeld, ambako tayari walikuwa na mazoea ya kuishi na wenye kifafa. Dawa yao kubwa ilikuwa kazi: shamba, jiko, karakana, sala. Lakini Lutindi ilimpokea mtu akiwa amekwisha kuwashinda wa nyumbani kwake. Bibi kizee anayeuliza jambo moja mara tano kabla ya chai kupoa, nani angempandisha mlima huo? Huyo alibaki jikoni, akaambiwa amezeeka.

Na huko kwao Wajerumani mambo yalikuwaje? Novemba 1901, yaani mwaka mmoja kabla ya Amani, mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, alipelekwa hospitali ya Frankfurt. Daktari Alois Alzheimer alimwonyesha vitu, akavitaja vizuri, na baada ya kitambo kidogo akawa amesahau hata kama alionyeshwa. Alipofariki mwaka 1906 daktari aliuchunguza ubongo wake, na Novemba mwaka huohuo akawasomea wenzake mjini Tübingen alichokiona. Hawakumuuliza hata swali. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuingiza ugonjwa ule katika kitabu chake kwa jina la Alzheimer, na jina likashika.

Lakini aliyeuona mwanzo wake si Alzheimer. Ni mume wa yule mama, mfanyakazi wa reli. Yeye ndiye aliyeona mkewe anaanza kumwonea wivu usio na kichwa wala miguu, anaharibu mapishi aliyokuwa akiyajua, anazungukazunguka nyumbani bila shughuli. Daktari alikuja nyuma. Mpaka leo ndivyo ilivyo: ugonjwa huu huanzia jikoni na njiani. Mwenye kuishi na mgonjwa huuona kwanza, isipokuwa hajui kwamba anachokiona kina jina.

Hapa kwetu kazi ya kulitafuta jina hilo ilifanyika mbali kidogo na Usambara, wilayani Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walikwenda katika vijiji sita wakawaona wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Walipopiga hesabu, walikadiria kwamba kama wazee 6 kati ya 100 wana ugonjwa huu. Hapo ndipo uongo wa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu ulipokufa, au ungepaswa kufa.

Tatizo likawa kipimo. Vipimo vya Ulaya humtaka mzee ashike kalamu achore. Sasa mzee ambaye hajawahi kushika kalamu, ukimwambia chora naye akashindwa, umepima ubongo au umepima shule? Wakabuni njia nyingine, nami naiona ni ya kiakili kupita mashine nyingi: njiti nne za kiberiti. Anayepima anazipanga kwa umbo fulani, mzee naye anapanga zake zifanane. Kuna na maswali mengine: ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno kumi aliyosomewa. Jumla ni alama 15. Hakuhitajiki bingwa. Mhudumu wa afya wa kijijini akifundishwa anaweza, kama yule kibarua wa Amani na mbu wake. Alama chache si hukumu. Ni sababu ya kumpeleka mzee kwa daktari, kwa kuwa huzuni nzito, uziwi au maambukizi yanaweza kumfanya mtu aonekane amesahau, na mengine hutibika.

Anayekaa na mzee naye hufundishwa mambo ya kuangalia. Kusahau jembe limewekwa wapi ni kawaida, hata mimi nasahau. Kulishika jembe na kutojua la nini, hilo ni jingine. Kupotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 50. Kutia chumvi mara mbili, kuacha moto ukiwaka. Kuficha pesa halafu kumwita mkaza mwana mwizi. Hili la mwisho limevunja nyumba nyingi, watu wakidhani ni ubaya wa roho. Na Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe walivyouawa kwa tuhuma za uchawi, kwa ajili ya macho mekundu tu, mekundu ya moshi wa jikoni. Bibi anayetoka usiku na kusema peke yake yuko salama kiasi gani mahali kama hapo?

Sisi tunaotaka kuandika tunahusika pia. Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi na kikachapwa na wamisionari wa Magila, chini tu ya Amani, kimejaa mambo yaliyokuwa yakiishi vichwani mwa watu: Kimweri ye Nyumbai aliyekufa mwaka 1862, ugomvi wa wanawe, vita. Angechelewa, angemwuliza nani?

Vijana wale wa daftari la mbu nao walizeeka, wengi wao papo hapo milimani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo yenye kuwatunza, nayo haikukosea. Ila familia ina sura. Ni binti aliyemaliza darasa la saba, au mkaza mwana mwenye mtoto mgongoni, anayeamshwa saa nane za usiku na mzee anayetaka kwenda kazini, maabara, kuhesabu mbu.